Siku Ishirini na Nane

Siku ya tisa ya ugonjwa wake, Bibi Harusi alikataa chakula, na duka zima la miwani likanyamaza.

Kwa asiyemfahamu, Bibi Harusi hakuwa mtu. Alikuwa samaki wa dhahabu mwenye umri wa miaka kumi na moja, mnene kama ngumi ya mwanamume, na mkia mrefu mweupe uliomfuata majini kama shela. Makao yake yalikuwa tangi la kioo kwenye chumba cha kusubiria. Wateja wenye matatizo ya macho walikaa wakimtazama, na aliyeshindwa kumwona aliingizwa ndani mbele ya wenzake. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya duka. Aliyeitunga ni mama mwenye duka, ambaye sasa alikuwa na miaka mitatu kaburini, na samaki huyo ndiye kiumbe pekee aliyebaki hai kati ya vyote alivyovilea kwa mkono wake, ukimtoa binti yake.

Asubuhi hiyo Daktari Pezi alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi, kichwa kimeinama, mithili ya mtu aliyekuja kuungama. Na kweli alikuwa na la kuungama. Hilo tutalifikia, mwenyewe amelikwepa siku tisa, nasi tukilisubiri dakika chache hatutapungukiwa kitu.

"Amekula?" aliuliza bila kugeuka.

"Nimemwekea punje tatu," alijibu binti nyuma yake. "Zote zimezama. Hakugeuza hata jicho."

"Maji?"

"Joto ni lile lile uliloniagiza. Chumvi nimeipima kwa kijiko, nikaiyeyusha kwenye jagi kwanza. Na maji..." Alimtazama samaki. "Maji nimeyalaza. Mchana kutwa na usiku kucha. Nimeyalaza, Daktari."

"Najua umeyalaza, Mboni."

Mboni lilikuwa jina alilopewa na baba yake siku aliyozaliwa, na baba mwenyewe akiwa fundi wa miwani huwezi kumlaumu. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini na macho ambayo kwa muda wa miezi saba yalikuwa yamemfanya Daktari Pezi agonge milango ya vioo mara nne. Leo macho hayo yalikuwa mekundu. Mkononi alishika leso ambayo Daktari alimpa siku ya kwanza ya ugonjwa, na ambayo tangu hapo ilikuwa haijakauka.

"Mganga wa vibua!" iliita sauti kutoka mezani. Huyo alikuwa Shangazi, dada wa baba yake Mboni, mpokea wageni na mlinzi wa heshima ya ukoo. "Yule mnyama anapona au unatuchezea sinema?"

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Sikukuomba shikamoo, nimeuliza swali."

"Ni mzee, Shangazi. Matamvua yameumia. Anapumua kwa shida."

"Basi mpe hewa."

"Ndiyo hii pampu, Shangazi. Ya pili."

"Ongeza ya tatu!" alisema, akafuta haraka kitu kwenye kona ya jicho lake, kisha akamkaripia mteja aliyekuwa akimtazama.

Daktari Pezi hakuwa daktari. Alikuwa na mkoba wa ngozi, ndoo tatu, vipimajoto viwili na kazi ya kuzunguka maofisini na majumbani akisafisha matangi na kutibu wakazi wake. Jina hilo alilipata humu humu dukani. Miezi saba iliyopita aliingia kupimwa macho, maana alikuwa ameanza kushindwa kuona vitu vidogo, na kazi yake yote ni vitu vidogo. Mboni akamkalisha kwenye kiti, akasimama kando ya ubao wa herufi na fimbo yake.

"Soma mstari wa tatu."

"Pezi la chini limeoza," alisema mgonjwa.

"Samahani?"

"Pezi la chini. Limeoza ukingoni, na likiachwa wiki mbili ugonjwa utafika mwilini."

"Ndugu yangu, hapa hakuna maneno hayo."

"Si ubaoni. Nyuma yako. Yule samaki mwenye shela."

Mboni aligeuka, akaona kweli, akaanza kulia pale pale huku fimbo ya kazi ikiwa mkononi. Kijana akasahau macho yake, akakunja mikono ya shati. Pezi likapona kwa siku kumi na mbili. Miwani alikuja kuichukua mwezi uliofuata, na kufikia hapo kila mtu alikuwa amekwisha kuona kilichokuwa kikiendelea, hata wale wagonjwa wa mbele ya foleni.

Mzee Miwani, baba yake Mboni, naye aliona. Alimwita kijana kwenye karakana yake ya nyuma, pale penye mashine ya kusaga lenzi, akamwambia kwa upole kabisa: "Sikufukuzi. Ila mtu mgeni simwingizi tu nyumbani kwangu. Nipe mwaka mmoja. Kila Jumamosi uje, ukae kwenye kile kiti cha wagonjwa, tuzungumze, tukuangalie nawe utuangalie. Mwaka ukiisha, walete wazazi wako."

Kijana aliitikia vizuri mbele ya mzee. Barabarani alimwakia Mboni.

"Mwaka mzima! Ananitenga kama mwenye upele!"

"Hakutengi. Anakuangalia."

"Ananiangalia nini? Mimi ni mzima!"

"Si wewe," Mboni alimwambia akicheka, "unayewatenga samaki wageni siku ishirini na nane? Huwa unawaambia nini wao?"

Hapo akamnunulia aiskrimu.

Maana hiyo ndiyo sheria yake kuu, na wateja wake wote waliijua kwa moyo kama wanafunzi wanavyoijua kengele ya kulala. Samaki mpya haingii tangini na wenzake. Anakaa peke yake, kwenye tangi dogo, karatasi ya tarehe imebandikwa kiooni, siku ishirini na nane, hata akiwa anang'aa kama sahani ya wageni. Kwa sababu kimelea cha madoa meupe kinaweza kujificha ndani ya matamvua, usikione, hadi kipate mwili wa kukalia. Daktari Pezi aliwahi kumrudisha meneja wa benki nyumbani kwake na samaki ndani ya mfuko. "Ishirini na nane, mheshimiwa," alimwambia. "Benki nanyi si mna fomu zenu?"

Sasa nisimame kwa heshima, maana hapa ndipo palipo dhambi.

Wiki moja kabla ya ugonjwa, Mboni alitimiza miaka ishirini na sita. Daktari alikuwa amempatia zawadi ambayo haikuwa na mfano: samaki mdogo mweusi tititi, mwenye macho makubwa yaliyotoka nje kama vifungo vya koti. Akamwita Kodo. Alikuwa samaki pekee duniani aliyezaliwa akihitaji miwani, na nani mwingine angepewa zawadi ya namna hiyo kama si binti wa duka la miwani? Tatizo ni kwamba Kodo alifika kwa Daktari siku sita tu kabla ya siku yenyewe. Siku ya tano Daktari alimkagua kwa lenzi: hana doa. Siku ya sita akamkagua tena: hana doa. Akaitazama karatasi kwenye kioo, akaitazama kalenda, akaubandua moyo wake kutoka kwenye karatasi hiyo na kumtia Kodo ndani ya mfuko.

"Siku zake ameshamaliza?" Mboni alimuuliza siku hiyo, akiruka kwa furaha.

"Ameshamaliza," alisema Daktari Pezi.

Neno moja tu, jepesi kama punje ya chakula cha samaki. Kodo akatumbukizwa tangini, akaogelea moja kwa moja hadi kwa Bibi Harusi, akajibanza chini ya shela lake. Kila mtu alisema "Aaa!" Hata Shangazi.

Jumapili iliyofuata, Mboni alikuwa na haraka ya kwenda kukutana na mpenzi wake kwenye benchi la mbele ya posta. Maji ya tangi yalikuwa yamepungua. Badala ya kutumia maji yaliyolazwa kwenye ndoo hadi dawa inayotiwa maji ya bomba iyatoke, akafungua bomba, akajaza nusu ndoo, akamimina. Jumatano, madoa meupe yakatokea kwenye mkia wa Bibi Harusi, madogo, yametapakaa kama chumvi iliyomwagika juu ya shela. Akaanza kujikwaruza kwenye mawe.

"Ni mimi," Mboni alisema siku hiyo hiyo, uso umepauka. "Nilimwaga maji mabichi."

"Nilisema!" alidakia Shangazi. "Mapenzi yamekutoa akili, sasa umemwua samaki wa mama yako!"

Na Daktari Pezi, aliyejua kwamba dawa ya bomba huchoma siku ile ile na haileti madoa baada ya siku tatu, aliyejua kwa hakika madoa yale yametoka wapi, alifungua mkoba wake, akatoa leso, akampa.

Alijiambia amponye kwanza samaki, kisha atasema.

Siku ya nne madoa yalitoweka yote. Mboni alimrukia Daktari shingoni mbele ya wateja watano. Mzee Miwani akatoka karakanani, akainama kwenye kioo na lenzi yake, akatazama muda mrefu, kisha akamshika kijana mkono kwa mikono miwili.

"Mama yake angekupenda," alisema. "Hebu tuache habari za mwaka. Jumamosi ijayo waje wazazi wako."

Daktari alifungua mdomo. Kilichotoka ni hiki: "Asante, baba. Lakini dawa iendelee. Madoa yakiisha siyo kwamba ugonjwa umeisha. Vimelea vimedondoka tu chini kwenye mawe, vinazaana. Vitarudi vikiwa vingi. Hatari ni sasa."

Alisema hayo kuhusu samaki. Usiku huo aliyasikia tena masikioni mwake akakosa usingizi.

Siku ya saba yakarudi, mengi kuliko mwanzo.

Na sasa ilikuwa siku ya tisa, Alhamisi, saa nne asubuhi, na keshokutwa wazazi wa Daktari wangevaa nguo zao nzuri.

Bibi Harusi alilalia ubavu. Mboni alipandisha mkono wa gauni, akauingiza majini taratibu, akamshika kwa kiganja ili asianguke kwenye mawe. Samaki akatulia pale. Shela lake, lenye madoa, likajiviringisha kwenye kifundo cha mkono wa binti. Kodo alikuja chini yake, akasimama, macho yake makubwa yakielekea juu. Hakuwa na doa hata moja.

"Mama alikuwa akimshika hivi," Mboni alinong'ona. "Akibadilisha maji. Alikuwa akimwambia, twende mwanangu, twende, usinipigie kelele."

"Usimwachie," alisema Daktari.

"Simwachii."

Matamvua yalifunguka, yakafunga. Yakafunguka. Hayakufunga tena.

Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake alivua kofia, ingawa hakuona vizuri ni nani aliyekufa.

Mzee Miwani alitoka nyuma akiwa na vumbi la lenzi mikononi. Alichukua kisanduku cha kuwekea miwani, chenye kitambaa laini cha buluu ndani, akakifungua, na Mboni akamlaza mfu ndani yake. Mkia haukuenea. Mzee akaukunja vizuri, mara mbili, kwa vidole vya mtu aliyezoea vitu vinavyovunjika.

"Baba, nisamehe."

"Nyamaza, mwanangu."

"Ulikuwa umebaki naye huyo tu, baba."

"Nimebaki na wewe." Alimgeukia Daktari. "Nawe kijana, umefanya uliloweza. Nimekuona siku zote tisa. Jumamosi iko pale pale. Nyumba yenye msiba inahitaji watu."

Hata Shangazi alinyanyuka mezani, akaja, akamshika Mboni bega. "Yamekwisha. Maji ni maji. Mimi mwenyewe nimeunguza sufuria ngapi."

Sasa hebu tumtazame Daktari Pezi. Milango yote iko wazi. Hakuna aliyemshuku. Ilimpasa tu ainamishe kichwa, aseme poleni, na ajifute mikono. Keshokutwa angekuwa mkwe.

Mboni alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia, ule uliokuwa majini. Aliukausha kwa leso. Akautazama tena, akaukausha tena, ingawa ulikuwa mkavu.

"Nitakuja kwako na mkono huu," alimwambia Daktari, akijaribu kutabasamu. "Usije ukaniachia samaki wako hata mmoja. Utaniahidi? Kila nikifungua bomba nitamkumbuka. Hata nikizeeka."

"Mboni."

"Nakutania tu."

"Mboni, si wewe."

"Usinibembeleze. Nilimwaga maji mabichi."

"Nusu ndoo kwenye tangi kubwa kama hili haimwui samaki. Ingemwashawasha siku moja, basi. Na haileti madoa. Madoa ni kimelea, na kimelea hakitoki bombani. Huletwa." Alivuta pumzi. "Huletwa na samaki mgeni."

Pampu mbili ziliendelea kupiga mapovu kwa ajili ya samaki mmoja.

"Lakini Kodo alimaliza siku zake," alisema Mboni.

Daktari alimtazama Kodo.

"Nilikuuliza. Ukasema ameshamaliza."

"Hakumaliza."

Mzee Miwani alivua miwani yake. "Sheria yako ni siku ngapi, kijana?"

"Ishirini na nane, baba."

"Na huyu ulimpa ngapi?"

"Sita."

"Kwa nini?"

"Siku yake ya kuzaliwa ilikuwa imefika. Nilitaka... Nilimkagua kwa lenzi. Alikuwa mzima. Alionekana mzima."

Mzee alianza kusafisha miwani kwa ncha ya koti, pole pole, kioo kimoja kisha cha pili. Alipozungumza, hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha. "Mimi nilikuwa nikikupa mwaka. Nikajiona nimekuwa katili, nikaufuta." Akaivaa, akachukua kile kisanduku cha buluu, akarudi karakanani na kufunga mlango. Mashine ya kusaga lenzi ikaanza kulia. Hakukuwa na lenzi ya kusaga asubuhi hiyo.

"Mboni, nilitaka kukuambia. Siku ya kwanza nilitaka. Nikasema nimponye kwanza."

"Kodo sina neno naye," alisema Mboni. Sauti yake ilikuwa imekauka kama mkono wake. "Ulikosea kwa kunipenda. Hilo ningelia siku mbili nikalisahau. Samaki ningekusamehe."

"Basi nisamehe."

"Siku tisa, Daktari. Siku tisa nimelia mbele yako nikisema nimemwua samaki wa mama yangu. Shangazi akinisema, wewe uko hapo. Nikikosa kula, wewe uko hapo. Ulikuwa unajua." Alikunja leso mara mbili, mara nne, akamwekea kiganjani. "Na ukanipa leso."

Shangazi alirudi mezani, akaketi.

"Nifanye nini?" aliuliza Daktari.

"Niambie dawa ya huyu aliyebaki."

"Mboni..."

"Hana kosa. Hakujileta." Alichukua kalamu na karatasi ile ambayo huandikiwa vipimo vya macho. "Sema. Naandika."

Basi akasema, na alivyosema ndivyo Mboni alivyoandika, bila kuinua uso. Joto lipandishwe kidogo kidogo, siyo kwa mara moja. Mawe ya chini yafyonzwe kila siku, maana huko ndiko vimelea vinakojificha. Dawa imiminwe asubuhi. Asidanganyike akimwona mzima.

"Hata asipokuwa na doa?"

"Hata asipokuwa na doa. Usiache mpaka ishirini na nane ziishe."

"Ishirini na nane," aliandika Mboni, akapigia mstari. Kisha akaenda kusimama kando ya ubao wa herufi, akaishika fimbo yake, akamwita yule mteja aliyevua kofia. "Karibu mzee. Soma mstari wa kwanza."

Daktari Pezi aliokota mkoba wake. Mlangoni aligeuka. Macho yake yalikuwa mazuri siku hizo, miwani ilikuwa ya baba yake Mboni mwenyewe, lakini hakuweza kusoma herufi hata moja.

Wazazi wake walizivua zile nguo nzuri kabla ya kuzivaa. Mama yake aliuliza mara moja tu. Alipojibiwa, akasema, "Wewe, uliyemfukuza mtu wa benki!" akaenda kukaa uani peke yake.

Daktari alimpigia Mboni simu siku tatu, haikupokewa. Siku ya nne akaacha kupiga, akaanza kuhesabu siku za Kodo.

Siku ya ishirini na nane, alasiri, mlango wa chumba chake uligongwa kwa nguvu za mtu mwenye kesi. Akafungua. Shangazi alikuwa amesimama, anahema, ndoo imefunikwa sahani mkononi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Na usiniite Shangazi, mimi si shangazi yako." Alifikiri kidogo. "Haya, niite. Nimezoea. Pokea ndoo, mkono unakatika."

Daktari aliipokea, akafunua. Macho mawili makubwa kama vifungo vya koti yalimtazama kutoka chini.

"Amemaliza siku zake," alisema Shangazi. "Ni mzima. Nimeambiwa nikukabidhi, niondoke."

"Madoa?"

"Alipata mawili, yakaisha siku ya sita. Mboni akaendelea na dawa hivyo hivyo, kila asubuhi, na lenzi ya baba yake kwenye jicho kama anakagua almasi."

"Na maji aliyalaza?"

"Kijana, nyumba ile hatuna ndoo ya kuogea. Zote zina maji yamelala."

Daktari alitaka kucheka, ikashindikana. "Anaendeleaje?"

"Nimeambiwa nisikuambie."

"Shangazi."

"Nimeambiwa." Alitazama ukutani, akatazama viatu vyake. "Hali chakula vizuri. Hilo sijalisema. Na tangi amelikausha, amelisugua, amelipandisha juu ya kabati. Hilo nalo sijalisema."

"Hakuna neno lingine?"

Shangazi alitoa karatasi kwenye mkoba wake. Ilikuwa ile ile ya vipimo vya macho, imejaa mwandiko wa Mboni kutoka juu hadi chini: siku ya kwanza, siku ya pili, joto, chumvi, madoa. Hakuruka siku. Mstari wa mwisho uliandikwa: *Siku ya 28. Mzima. Anaweza kukaa na wenzake.*

Daktari aliigeuza karatasi. Nyuma hakukuwa na kitu.

"Ungenyamaza siku ile," Shangazi alisema akiwa tayari mlangoni, "ungekuwa mkwe wetu sasa."

"Najua."

"Nami ningekuchukia hadi kufa nisijue kwa nini." Alijitengeneza mtandio. "Sasa najua kwa nini, na wala sikuchukii sana. Mambo ya ajabu." Akaondoka, akiongea peke yake hadi mwisho wa ujia.

Chumbani mwa Daktari Pezi kulikuwa na tangi kubwa lenye samaki tisa wenye afya, na Kodo alikuwa amekuja na cheti. Lakini samaki anayetoka kwenye maji ya mtu mwingine ni mgeni, hata awe ametoka kwa nani. Daktari akajaza lile tangi dogo kwa maji yaliyolala, akapima joto, akamwachia Kodo taratibu.

Kodo alizunguka mara moja, akaenda kona hii, akaenda kona ile, akitafuta shela la kujibanza chini yake. Kisha akaja mbele, akasimama.

Daktari alibandika karatasi kiooni, akaandika tarehe ya leo, akahesabu hadi ishirini na nane, akaandika na ile nyingine. Halafu akavuta kiti, akakaa upande wa nje wa kioo, mikono magotini, kama alivyokuwa akikaa kila Jumamosi kwenye kiti cha wagonjwa, akaanza siku ya kwanza.